Mama yuko Goma, mtoto yuko Gisenyi: maziwa ya mama yatunzwe vipi?

GISENYI – Alfajiri, kabla jua halijatoka nyuma ya vilima vya Rubavu, foleni ya Petite Barrière huwa tayari ni ndefu. Huu ndio mpaka mdogo unaotenganisha mji wa Gisenyi na jiji la Goma, na ni miongoni mwa mipaka inayovukwa na watu wengi zaidi kwa miguu barani Afrika. Siku zikiwa nzuri, makumi ya maelfu ya watu hupita hapo. Wengi wa wachuuzi ni wanawake: wa nyanya, wa vitunguu, wa mayai, wa sambaza, wa maziwa ya ng'ombe yaliyojaa kwenye madumu. Baadhi yao wamebeba watoto mgongoni. Wengine wamemwacha kichanga nyumbani, Mbugangari au Majengo, mikononi mwa bibi au mtoto mkubwa wa kike, na hawatamwona tena hadi jioni.

Kichanga huyo atanyonya nini mchana kutwa? Mara nyingi jibu ni uji mwepesi, maji ya sukari, au maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji. Kwa mtoto wa miezi miwili au mitatu, vyote hivyo ni hatari. Maziwa ya ng'ombe yana protini na chumvi nyingi kuliko figo za mtoto mchanga zinavyoweza kubeba, madini ya chuma ni haba, na yanaweza kuuchubua utumbo hadi ukavuja damu kidogo kidogo. Uji na maji ya sukari hujaza tumbo bila kulisha, na chombo kisicho safi huleta kuhara.

Wataalamu wa afya duniani kote wanashauri mtoto apate maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila hata tone la maji. Rwanda imefanya vizuri katika hilo kuliko nchi nyingi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa 2019-2020 ulionyesha kuwa watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 81, wakati utafiti wa 2014-2015 ulikuwa umepata asilimia 87. Utafiti huohuo wa 2019-2020 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Katika wilaya ya Rubavu, wilaya ya udongo wenye rutuba, ziwa lenye samaki na soko la kimataifa mlangoni, waliodumaa walikuwa takriban asilimia 40.

Njia ya kumlisha mtoto maziwa ya mama wakati mama hayupo ipo, na haihitaji mashine. Mama anakamua maziwa yake, anayahifadhi, na aliyebaki na mtoto anamnywesha kwa kikombe. Wenye friza wanaweza kuyagandisha yakakaa miezi. Wasio na friza, ambao ndio wengi, wana masaa machache, na masaa hayo yakitumiwa vizuri yanatosha kwa sehemu kubwa ya siku ya kazi.

Sheria inamfikia nani?

Mwanamke aliyeajiriwa Rwanda ana ulinzi fulani. Tangu 2016 kuna mfuko wa bima ya likizo ya uzazi, unaochangiwa asilimia 0.3 ya mshahara na mwajiri na asilimia 0.3 na mfanyakazi, na likizo yenyewe imeongezwa kutoka wiki 12 hadi wiki 14. Akirudi kazini, sheria ya kazi ya 2018 inampa saa moja kila siku ya kumnyonyesha mtoto kwa miezi 12. Ng'ambo ya mpaka, sheria ya kazi ya Kongo nayo inatoa wiki 14, na mapumziko mawili ya nusu saa kwa siku ya kunyonyesha. Tanzania inaruhusu hadi saa mbili kwa siku. Kenya ndiyo iliyokwenda mbali zaidi kwenye karatasi: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawia mikono, viti, umeme na jokofu. Jokofu limetajwa ndani ya sheria yenyewe, jambo la nadra, na linafaa kuigwa na wanachama wengine wa Jumuiya.

Lakini muuza nyanya wa Petite Barrière hana mwajiri. Hana likizo, na asipovuka leo hana cha kupika kesho. Vitu viwili tu vinapanga siku yake: bei ya Goma na saa ya kufungwa kwa mpaka. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa kwa risasi kwenye mpaka huo, upande wa Kongo ulianza kufunga saa tisa alasiri. Wachuuzi waliochelewa walijikuta upande mmoja na watoto wao upande mwingine. Kwa mama wa namna hii, maziwa yaliyoachwa nyumbani ni akiba kwa ajili ya siku ambayo mambo hayaendi kama yalivyopangwa.

Serikali na mashirika wameanzisha malezi ya watoto wadogo karibu na mpaka, marerero kama Wanyarwanda wanavyoyaita, ili mama asilazimike kumbeba mtoto kwenye msongamano. Ni msaada mkubwa. Ila mtoto wa miezi mitatu akiachwa kwenye irerero bado anahitaji kula kila baada ya masaa mawili au matatu, na mlezi hana titi la kumpa.

Kukamua kwa mkono

Pampu za kukamulia zipo, za mkono na za umeme, lakini zina mipira na mirija inayohitaji kuoshwa na kuchemshwa kila mara. Pampu chafu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Mkono hauna gharama, na mama akizoea anakamua haraka.

Kwanza mikono inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kucha zikiwemo. Chombo kinapaswa kuwa na mdomo mpana, kimeoshwa na kuchemshwa. Gisenyi iko karibu mita 1,480 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye nyuzi 95 hivi. Joto hilo linatosha kuua vijidudu, mradi chombo kikae ndani ya maji yanayotokota kwa dakika kumi na kisiwe kimechovywa tu na kutolewa.

Mama anaketi mahali tulivu, anakanda titi taratibu, kisha anaweka kidole gumba juu na vidole viwili chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Anasukuma vidole kuelekea kifuani, halafu anaminya na kuachia, anaminya na kuachia. Asivivute vidole juu ya ngozi, na asiminye chuchu yenyewe. Dakika za kwanza hutoka matone tu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani hawana maziwa. Yakishashuka hutoka kwa michirizi. Titi moja, kisha jingine, kisha kurudia, jumla dakika 20 hadi 30.

Kiasi gani kinatosha? Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita hunywa takriban mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima. Hesabu rahisi ni mililita 30 hadi 45 kwa kila saa ambayo mama hayupo. Anayeondoka kwa masaa manane aache mililita 250 hadi 350, yaani kama chupa ndogo ya soda na kidogo juu yake. Haipatikani yote alfajiri ya siku ya safari. Inafaa kuanza wiki mbili kabla ya kurudi kazini, kukamua kidogo kila asubuhi baada ya mtoto kunyonya, wakati ambao maziwa huwa mengi.

Na mama akiwa Goma mchana, bado anapaswa kukamua. Titi lisilotolewa maziwa hujaa, huuma, linaweza kupata uvimbe wenye homa, na mwili unapunguza kutengeneza maziwa kwa sababu unadhani hayatakiwi tena. Hapa ndipo masoko ya mpakani yanapowaangusha wanawake. Vyoo vinajengwa, vibanda vya kubadilisha fedha vinajengwa, lakini chumba kimoja chenye bomba, sabuni na mlango unaofungika ni adimu.

Masaa manne, siku nne, miezi sita

Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, mahali ambapo joto halizidi nyuzi 25, yatumike ndani ya masaa manne. Kwenye jokofu lenye nyuzi 4 au chini yake, yanakaa hadi siku nne. Kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ni bora yatumike ndani ya miezi sita, ingawa hayaharibiki hadi miezi 12. Kwenye kisanduku cha baridi chenye barafu iliyogandishwa vizuri, hadi masaa 24. Huo ndio mwongozo unaotumiwa na mamlaka za afya za Marekani, na una ukali wa kutosha kwa nyumba za kawaida.

Kiswahili chenyewe kinaweka mtego hapa. Mshauri wa afya akimwambia bibi kwamba maziwa yasizidi "saa nne", bibi anaweza kuelewa kuwa yako salama hadi saa nne asubuhi, hata kama yalikamuliwa saa nane usiku. Mwalimu wa lugha atalalamika kwamba "masaa" si sanifu, lakini kwa maziwa ya mtoto ni afadhali kusema masaa manne. Afadhali zaidi ni kuandika kwenye kipande cha karatasi: yamekamuliwa saa kumi na moja alfajiri, mwisho saa tatu asubuhi.

Hali ya hewa ya Gisenyi inasaidia. Upepo wa Ziwa Kivu na urefu wa mji huu hufanya siku nyingi zisivuke nyuzi 25 kivulini. Mama wa Mombasa au Dar es Salaam hana bahati hiyo, na huko hata masaa manne ni mengi. Lakini kivulini si sawa na ndani ya chumba cha mabati saa saba mchana. Chombo kiwekwe sakafuni, pembeni, mbali na jiko na dirisha, ndani ya beseni la maji baridi, kimefunikwa. Anayeondoka saa kumi na mbili na nyumba haina jokofu ajue kwamba kikombe alichokiacha ni cha asubuhi tu. Cha mchana kinahitaji barafu, au jirani mwenye jokofu.

Friza ya sambaza

Gisenyi ni mji wa samaki, na kwenye mitaa mingi friza ya kwanza kununuliwa ni ya biashara: ya sambaza, ya kuku, ya vinywaji. Kuweka maziwa ya mtoto humo kunawezekana. Kinachotakiwa ni chombo chenye kifuniko kinachobana, na chombo hicho kikae ndani ya kopo kubwa zaidi, sehemu yake peke yake, juu ya samaki na kamwe si chini yao, ili maji ya samaki yasidondokee. Friza inayofunguliwa kila dakika tano na wateja haifai kwa akiba ya muda mrefu, kwani maziwa yatalainika na kuganda tena bila mtu kujua.

Katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, chombo kinachofaa zaidi ni chupa au kopo la kioo, au kikombe cha plastiki ngumu kilichotengenezwa kwa ajili ya chakula. Chupa ya jamu iliyochemshwa inafaa kabisa. Isijazwe hadi juu, kwa sababu maziwa yakiganda hutanuka na kioo hupasuka. Robo ya juu iachwe tupu. Kila chupa iwekwe kiasi cha mlo mmoja, mililita 60 hadi 120, kwani yakishayeyushwa yanayobaki hayarudishwi. Tarehe iandikwe kwenye karatasi ya gundi, na ya zamani itumike kwanza. Nafasi nzuri ni nyuma kabisa ya friza, mbali na mlango.

Maziwa ya moto wa mwili yasimwagwe juu ya yaliyokwisha ganda. Yapoe kwanza kwenye jokofu, ndipo yaongezwe.

Kuna aina moja ya jokofu inayowadanganya wengi, nalo ni lile dogo la mlango mmoja lenye kisanduku cha barafu ndani. Barafu inaganda humo, kwa hiyo watu wanahesabu kuwa ni friza. Joto lake halishuki vya kutosha. Huduma ya afya ya Uingereza inatoa wiki mbili tu kwa maziwa yaliyowekwa kwenye kisanduku cha namna hiyo, na hapa ambako umeme hukatika, mama mwangalifu atatoa siku chache zaidi kutoka humo.

Umeme ukikatika

Rubavu ni wilaya ya umeme. Bwawa la mto Sebeya limekuwa likizalisha tangu miaka ya 1950, na gesi ya methani iliyo chini ya Ziwa Kivu, ambayo zamani iliwasha mitambo ya kiwanda cha bia cha Bralirwa, sasa inaendesha mtambo mkubwa wa umeme huko Nyamyumba. Hata hivyo taa huzimika, hasa mvua ikinyesha, na swali linabaki la kila nyumba: maziwa yaliyomo yamepona?

Kanuni ya kwanza ni kutofungua mlango. Friza iliyojaa na kufungwa hushika baridi kwa takriban masaa 48. Iliyojaa nusu, masaa 24. Jokofu la kawaida, masaa manne tu. Ndiyo maana inafaa kujaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji. Maji hayo yakiganda ndiyo betri ya baridi.

Umeme ukirudi, chupa zikaguliwe. Maziwa ambayo bado yana chembe za barafu ndani yanaweza kugandishwa tena. Yaliyoyeyuka kabisa lakini bado ni ya baridi yahamishiwe jokofuni na yatumike ndani ya siku moja. Yaliyofikia joto la chumba yana saa moja au mbili tu, na kama haijulikani yamekaa hivyo kwa muda gani, yanamwagwa. Inauma kumwaga kazi ya wiki mbili. Inauma zaidi kumlaza mtoto wa miezi mitatu hospitalini kwa kuhara.

Kwa anayeshinda nje siku nzima kuna ujanja wa sarafu. Kikombe cha maji kigandishwe, kisha juu ya barafu iwekwe sarafu ya faranga 100, na kikombe kirudishwe kwenye friza. Jioni sarafu ikikutwa juu, baridi haikukatika. Ikikutwa imezama hadi chini, kila kitu humo kiliyeyuka na kuganda tena wakati watu hawapo, hata kama kinaonekana kigumu kama jiwe.

Kuyeyusha na kunywesha

Njia bora ni kuhamisha chupa kutoka friza hadi jokofu usiku wa kuamkia siku ya kutumika. Anayehitaji haraka aiweke ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Maziwa hayachemshwi, wala hayawekwi jikoni moja kwa moja. Maikrowevu nayo haifai, kwa sababu hupasha sehemu moja hadi ichome ulimi na nyingine ikabaki baridi, na joto kali huharibu kinga iliyomo. Kwa kweli si lazima kuyapasha moto. Mtoto anaweza kuyanywa yakiwa na joto la chumba.

Yaliyoyeyushwa yakae jokofuni si zaidi ya masaa 24 tangu yalipoyeyuka, au saa moja hadi mbili nje. Hayagandishwi mara ya pili. Na mate ya mtoto yakishagusa kikombe, kilichobaki kitumike ndani ya masaa mawili, kisha kimwagwe.

Bibi asiyewahi kuona maziwa haya anaweza kudhani yameharibika. Mafuta hupanda juu na chini hubaki maji ya rangi ya samawati au manjano hafifu. Hiyo ni hali yake ya kawaida, na kuzungusha chupa polepole kunatosha kuyachanganya. Mengine, baada ya kuganda, hutoa harufu kama ya sabuni. Husababishwa na kimeng'enya kinachovunja mafuta, na hayana madhara, ila watoto wengine huyakataa. Mama ambaye maziwa yake ni hivyo anaweza, kabla ya kuyagandisha, kuyapasha hadi vipovu vidogo vionekane ukingoni mwa sufuria, bila kuchemka, kisha kuyapoza haraka. Harufu ya uchachu mkali ni habari nyingine. Hayo yanamwagwa.

Kunywesha kwa kikombe ni salama kuliko chupa ya chuchu, ambayo pembe zake hazisafishiki vizuri. Mtoto anakalishwa wima kidogo mapajani, akiwa macho kabisa. Kikombe kidogo kinaguswa kwenye mdomo wa chini, kinainamishwa hadi maziwa yafike kwenye midomo, na mtoto mwenyewe anayalamba au kuyavuta. Hamwagiwi mdomoni. Mara ya kwanza yatamwagika mengi kwenye nguo, na baada ya siku mbili tatu anazoea. Inasaidia sana kama mtu mwingine, si mama, ndiye anayempa. Anayesikia harufu ya mama anataka titi, na ana haki.

Maziwa ya nani?

Imani nazo zina nguvu. Kote Afrika Mashariki wapo wanaoamini kuwa mama akitembea juani maziwa yanachacha kifuani, au kwamba kukamua ni kumgeuza mwanamke ng'ombe. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Hutengenezwa muda wote kwenye joto lilelile la mwili, jua liwe kali au la. Kuhusu ng'ombe, Kinyarwanda kina heshima yake: maziwa ya ng'ombe ni amata, lakini ya mama ni amashereka, neno lake peke yake.

Penye watoto wengi, jina la mtoto kwenye chupa lina uzito kama tarehe. Maziwa hubeba baadhi ya maambukizi, kwa hiyo kichanga asipewe ya mama mwingine kwa kubahatisha. Kwa familia za Kiislamu za Majengo kuna jambo jingine: kunyonya maziwa ya mama mmoja kunaweza kuwafanya watoto kuwa ndugu wa kunyonya, wasioruhusiwa kuoana. Mlezi anayechanganya chupa mbili anaweza kuwa amegusa ukoo wa watu. Penye haja ya kweli ya maziwa ya mama mwingine, kuna benki za maziwa zinazopima wachangiaji na kuyapasha ili kuua vijidudu. Hospitali ya Pumwani jijini Nairobi ilifungua yake Machi 2019, na Nsambya mjini Kampala ikafuata baadaye.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, akitumia dawa zake kila siku kama alivyoelekezwa, ananyonyesha, na anaweza kukamua pia. Azungumze na kituo chake cha afya. Watoto waliozaliwa njiti au wanaougua wana masharti makali zaidi, na wauguzi wa hospitali ndio wa kuwauliza.

Pale akiba isipofikika

Wakazi wa Rubavu wanajua kwamba friza inaweza kuachwa nyuma kwa dakika moja. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba za Gisenyi huku maelfu wakivuka kutoka Goma. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, Sebeya ilifurika, ikaua watu, ikabomoa nyumba na kuharibu mtambo wa maji wa Gihira. Januari 2025, vita vya Goma vikiwa mpakani, makombora yaliangukia upande wa Gisenyi na kuua raia.

Siku kama hizo mama ashike mtoto aondoke. Maziwa yaliyoko friza yasahauliwe, ananyonyesha popote alipo. Hofu inaweza kuchelewesha maziwa kushuka, lakini haiyakaushi. Mtoto akiwekwa titini mara kwa mara yanarudi. Maziwa ya unga yanayogawiwa kambini, yakikorogwa kwa maji ya mafuriko, yanaweza kuwa hatari kuliko njaa ya masaa machache, na anayenyonyesha asikubali kubadilishiwa.

Mtoto akitimiza miezi sita, chupa zilizobaki kwenye friza bado zina kazi. Anaendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, lakini sasa anaanza chakula. Maziwa yaliyoyeyushwa siku hiyohiyo yanaweza kukorogwa kwenye ndizi iliyopondwa, au kwenye uji wa sosoma uliokwisha epuliwa na kupoa hadi uvuguvugu, nao ukapata mafuta na ladha ambayo mtoto anaijua tayari.